Sita ao Tisa? Namna Mashine za Rezo Zinavyobana Sauti Yetu

Kakao ya Watalinga inauzwa kwanza kwa sauti, kisha ndiyo inauzwa kwa kilo. Mnunuzi iko Butembo ao Beni, asubuhi anapiga simu ku Kamango, anataja bei, na habari inatembea kijiji kwa kijiji mpaka Nobili. Simu ikimeza neno moja, mtu anaachilia magunia yake kwa bei ambayo haikutamkwa na mtu yeyote. "Elfu sita" ao "elfu tisa"? Ukisema kwa Kifaransa haujaokoka: "six mille" ao "dix mille"? Watu wanagombana mbele ya mizani, mmoja anamwita mwenzake mwongo, na mara mingi pale hakuna mwongo hata mmoja. Ni mashine za katikati zimebana sauti kupita kiasi, ao zimeibana vibaya.

Ndugu zangu wasomi, mimi ni mtu wa kilimo, si enjenia wa telekom. Lakini wengi wetu leo tunafanya kazi katika koperative, vituo vya afya na mashirika ambako kuna dishi la VSAT juu ya paa na ruta moja ndani ya kabati. Mtu wa teknik anakuja, anafunga, anarudi mjini. Anayebaki na kile kisanduku ni wewe mwenye licence, kwa sababu "wewe ulisoma". Basi tuone kilichomo.

Tuanze na jambo ambalo watu hawalijui: simu haijawahi kubeba sauti yote ya mtu. Tangu zamani za nyaya, simu ya kawaida inabeba kipande tu, kuanzia Hz 300 mpaka Hz 3,400. Chini yake inakata, juu yake inakata. Sauti nzito ya mwanaume inaanzia karibu na Hz 120, kwa hiyo ule msingi wenyewe haupiti kabisa, ila sikio letu linaujenga upya kutokana na mawimbi ya juu yanayoufuata. Ndiyo maana Kinande, ambacho kinategemea sauti ya kupanda na kushuka, kinaeleweka mu simu bila shida kubwa. Kinachoumia ni herufi s. Ule mlio wake wa "sss" nguvu yake kubwa iko juu ya Hz 4,000, nje ya dirisha la simu. Kinachofika ku sikio la pili ni pumzi kidogo tu. Na t ni kishindo kifupi sana, pengine milisekunde 20 hivi, kikipotea hakirudi.

Sasa angalia "sita" na "tisa". Ni herufi zilezile ine: s, i, t, a. Tofauti ni mahali s na t zimekaa. Ukidhoofisha s na kumeza t, unabaki na "i-a" pande zote mbili, na mtu anasikia kile ambacho moyo wake unatamani kusikia. Wazee walikuwa na neno "kenda" kwa tisa. Ningekuwa na mamlaka ningelirudisha kwenye biashara yote ya kakao kwa sheria. (Nacheka, lakini nusu tu.)

Dirisha hilo la Hz 300 mpaka 3,400 ndilo mashine za kisasa ziligeuza kuwa namba. Kipimo cha kwanza kinaitwa G.711, kilipitishwa na shirika la kimataifa la telekom mwaka 1972. Kinapima sauti mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo kinaandikwa kwa biti 8, na jumla ni kilobiti 64 kwa sekunde. Kuna aina mbili zake: moja inatumiwa Amerika ya Kaskazini na Japani, nyingine Ulaya na huku kwetu. G.711 inabana kidogo sana. Ni sauti safi ya simu, kiasi simu inaweza kuwa safi.

Kilobiti 64 ni kitu kidogo ukiwa Kinshasa kwenye fibre. Ukiwa Kamango, ambako kila kilobiti inapanda angani kwa dola, ni kitu kikubwa. Hapo ndipo zinaingia kodeki za kubana kwelikweli.

Kodeki kama G.729, ya mwaka 1996, haitumi sauti. Inasikiliza milisekunde 10 za maneno yako, inajiuliza: koo lilikuwa limefungwa namna gani, ulimi ulikuwa wapi, sauti ilikuwa juu ao chini? Halafu inatuma maelezo hayo tu, baiti 10. Mashine ya upande wa pili inasoma maelezo na kutengeneza koo la bandia linalosema kitu kinachofanana. Mzizi wa wazo hili ni wa miaka ya 1930, Homer Dudley wa Bell Labs huko Marekani alipojenga mashine ya kuchambua sauti ya mtu na kuijenga upya. Namna G.729 inavyofanya ilitokana na kazi ya Manfred Schroeder na Bishnu Atal ya mwaka 1985. Hesabu yake: kilobiti 8 kwa sekunde badala ya 64. Mara nane chini.

Kwa sisi watu wa kakao picha ni rahisi. Ukichukua kilo 100 za mbegu mbichi, ukazivundika na kuzikausha vizuri mpaka unyevu wa asilimia 7 ao 8, unabaki na kilo kama 40. Umeondoa maji, umebakiza kitu mnunuzi anataka, na gunia ni jepesi kwa motari. Lakini mbegu kavu haiwezi kurudi kuwa mbichi. Na ukiilowanisha na kuikausha tena, inaharibika. Hilo la pili mulishike, tutalihitaji.

Tuchukue mfano. Biro moja Kamango iko na VSAT, na upande wa kutuma inapata kilobiti 128 kwa sekunde. Inataka simu za intaneti na biro ya Beni. Mtu atasema: kilobiti 128 gawanya kwa 8, ni simu 16. Hapana! Sauti haisafiri uchi. Inafungwa ndani ya paketi, na kila paketi ina anwani na maandishi ya njia yenye baiti 40. Kawaida paketi moja inabeba milisekunde 20 za maneno. Kwa G.729 hiyo ni baiti 20 za sauti ndani ya mfuko wa baiti 40. Ni kama gunia lenye uzito wa kilo 40 kubeba kilo 20 za kakao. Paketi 50 kwa sekunde, kila moja baiti 60, jumla ni kilobiti 24. Kwa G.711 ni baiti 160 na 40, jumla kilobiti 80. Kwa hiyo kwenye ile VSAT, G.711 inakupa simu moja na mabaki, G.729 inakupa simu tano na hakuna hata barua-pepe itakayopita.

Hapa kuna vitu viwili vya kuregle. Cha kwanza ni urefu wa paketi. Ukiweka milisekunde 40 badala ya 20, unatuma paketi 25 kwa sekunde zenye baiti 80, na simu inashuka mpaka kilobiti 16. Faida kubwa bila kubana sauti zaidi. Lakini paketi moja ikipotea, umepoteza milisekunde 40 mara moja, na hiyo inatosha kumeza t nzima ya "sita". Kwa VSAT isiyopoteza paketi mingi, mimi ningeweka 40. Kwa rezo inayokatika-katika kila mvua inapojikusanya juu ya Ruwenzori, ningebaki na 20. Cha pili ni kubana maandishi ya njia yenyewe: ruta nyingi zinaweza kupunguza zile baiti 40 mpaka 2 ao 4, maana anwani haibadiliki katikati ya mazungumzo, kwa nini uirudie mara 50 kwa sekunde? Ila hiyo inafanya kazi kama pande mbili za kiungo hicho kimoja zote zimewashwa. Ukiiwasha kwako tu, unajitafutia matatizo.

Kisha weka kikomo cha simu. Watu wa biro hawapendi kusikia hili, wanaona unawanyima. Bila kikomo, simu ya sita ikiingia kwenye njia ya simu tano haiharibiki yenyewe peke yake: zote sita zinaharibika pamoja, kwa sababu paketi zinaanza kuangushwa bila kuchagua. Afadhali mtu wa sita asikie "rezo imejaa" kuliko daktari wa kituo asikie dozi nusu. Na simu zipewe kipaumbele mbele ya kupakua video; kwenye ruta hiyo ni foleni ya pekee, sauti inapita kwanza, vingine vinangoja.

Sasa tufike kwenye regle ambayo kwa maoni yangu inaleta ugomvi mingi kuliko zote: kuzima kimya. Mtu akiongea kwenye simu, karibu nusu ya muda anasikiliza tu. Waliotengeneza mashine waliona: kwa nini tutume kimya? Basi ruta inasikiliza, ikiona hakuna maneno inaacha kutuma, na upande wa pili mashine inaweka mvumo mdogo wa bandia ili usifikiri simu imekatika. Ni akili nzuri, inaokoa nafasi. Shida ni pale unapoanza tena kusema. Mashine inahitaji kitambo kuamua kama ile ni sauti ya mtu ao ni upepo, na neno likianza na herufi dhaifu kama s ao f, mwanzo wake unakatwa. "Sita" inaingia kama "ita". "Siyo" inaingia kama "iyo", na hapo umekubali kitu ulichokataa! Tena ukiongea karibu na groupe electrogène inayonguruma, mashine inachanganyikiwa kabisa.

Kwenye ruta za Cisco, ukimpangia mtu njia ya simu za intaneti bila kugusa kitu, mbili tayari zimechaguliwa kwa ajili yako: kodeki ni G.729, na kuzima kimya kumewashwa. Wafungaji wengi wanaiacha hivyo. Amri ya kukuzima ni fupi, "no vad", unaiandika pande zote mbili. Unalipa kwa kilobiti zaidi kidogo, lakini mianzo ya maneno inarudi. Mimi ningeizima kila mahali ambapo watu wanataja namba: bei, dozi, idadi ya wagonjwa, uzito.

Ile kodeki ya kuchaguliwa tayari inaleta pia maajabu mengine. Biro ya Beni imepangiwa G.711 tu, Kamango imebaki G.729 tu. Unapiga, na simu haisimami: inalia kidogo na kukatika, ao inakataa moja kwa moja. Mashine mbili zimeulizana "unajua lugha gani?" na hazikupata moja ya pamoja. Dawa ni kuandika orodha ya kodeki kwa mpangilio wa upendeleo, pande zote. Kamango waweke G.729 mbele na G.711 nyuma yake. Usiweke G.711 mbele kwenye njia ya VSAT kwa sababu "sauti ni nzuri". Itachukuliwa yenyewe kila mara, na simu ya pili itakosa nafasi.

Nipite haraka juu ya milio ya namba. Ile "bonyeza 1 kwa Kiswahili" inategemea milio miwili inayopigwa pamoja, na G.729 ilitengenezwa kwa koo la mtu, haijui kuiga mlio wa mashine. Unabonyeza, upande wa pili hausikii kitu. Kuna regle ya kutuma namba kama ujumbe pembeni ya sauti; iwashe. Faksi nayo haipiti kwenye G.729, usijichoshe.

Kuchelewa hakuponywi na kodeki yoyote. Sateliti ya VSAT ya kawaida iko karibu kilomita 36,000 juu. Kupanda na kushuka ni karibu robo ya sekunde, hata ukitembea na mwendo wa mwanga. Kama Kamango na Beni zote ziko kwenye VSAT na zinapitia kituo kikuu kimoja, sauti inapanda na kushuka mara mbili: nusu ya sekunde kwenda tu. Pendekezo la kimataifa ni kutopita milisekunde 400, na linapendelea chini ya 150. Ndiyo maana wote wawili wanasema "allo" pamoja, wananyamaza pamoja, wanaanza tena pamoja. Kuchelewa huko pia kunafanya mwangwi usikike, kwa hiyo kiondoa mwangwi cha ruta kisizimwe hata siku moja. Wazee waliozoea foni za misheni na hospitali wanashinda hapa: wanasema sentensi yao, wanamaliza na "à vous", wananyamaza. Sateliti za chini kama Starlink, zinazozunguka karibu kilomita 550, zinaondoa tatizo hili, ila regle zingine zote zinabaki palepale.

Hayo ni ya biro. Simu ya mkulima ku mfuko wake haina regle ya kugusa, lakini kuna mtu mahali fulani anayeregle kwa niaba yake.

Antena ndogo ya 2G yenye redio moja iko na nafasi 8. Moja ao mbili zinatumika kwa mawasiliano ya mashine zenyewe, zinabaki 6 ao 7 za mazungumzo. Rezo inaweza kukata kila nafasi mara mbili, na watu 14 wakaongea pale palipokuwa na 7. Bei yake: kodeki ya nusu ya kwanza ya GSM inabeba kilobiti 5.6, wakati ya kamili inabeba 13. Mara mingi hii haiwashwi kila saa. Enjenia anaweka kiwango, tuseme antena ikijaa asilimia fulani, simu mpya zinaingizwa kwenye nusu. Ndiyo maana simu ileile, mahali palepale, inasikika vizuri saa nane ya usiku na vibaya saa kumi na mbili jioni watu wakitoka shamba.

Mtu anaweza kusema ni wizi. Sikubali. Kumbukeni Kamango tarehe 11 Julai 2013, ADF walipoingia: ndani ya siku chache zaidi ya watu 60,000 walivuka kwenda Bundibugyo. Siku kama ile kila mwenye simu anapiga, wote pamoja, juu ya antena moja. Sauti mbaya kwa watu 14 ni bora kuliko sauti nzuri kwa 7 huku wengine 7 hawajui kama njia iko wazi. Ninacholaumu ni kiwango kile kuachwa chini mwaka mzima, ili kuepuka gharama ya kuongeza redio ya pili. Hilo koperative na chefferie wanaweza kulidai kwa maandishi, na wakilitaja kwa jina lake, nafasi nusu, watajibiwa tofauti na mtu anayelalamika tu kwamba "rezo ni mbaya".

Kodeki ya kisasa zaidi ya simu za mkononi, AMR, iko na ngazi nane, kutoka kilobiti 12.2 mpaka 4.75, na inabadilisha ngazi katikati ya maneno. Ina jambo moja ambalo lilinishangaza: signali ikidhoofika, inabana sauti zaidi kwa makusudi, ili nafasi iliyobaki itumike kulinda biti dhidi ya makosa. Sauti inakuwa kama ya roboti lakini maneno yanafika. Kwa hiyo ukisikia roboti chini ya mti, usitafute makosa ya kodeki. Panda kilima.

Na mpaka? Mtu wa Nobili akitoa laini ya +243 kumpigia ndugu wa Bundibugyo mwenye +256, wanaweza karibu kuonana juu ya mto Lamia. Sauti yao lakini ni ya kimataifa. Inabanwa ku simu ya kwanza, inafunguliwa, mara mingi inabanwa tena na kampuni ya kati inayosafirisha simu kwa intaneti, inafunguliwa, inabanwa tena kufikia simu ya pili. Ile kakao imelowanishwa na kukaushwa mara tatu. Ndiyo maana wenye akili huko wanatembea na laini mbili. Si bei ya inite tu: simu ya ndani ya rezo moja inabanwa mara chache zaidi, wakati mwingine mara moja tu mwanzo mpaka mwisho.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unatumia kodeki nyingine, Opus, ya mwaka 2012. Haifungwi na lile dirisha la Hz 3,400, na ujumbe hauna haraka: paketi iliyopotea inaombwa tena mpaka ifike. Kwa hiyo s inafika nzima. Kwa bei ya kakao, pale intaneti iko, ujumbe wa sekunde 10 ni salama kuliko simu ya dakika mbili, na unabaki kama ushahidi mbele ya mizani.

Kwa yule anayekwenda kufungua kabati kesho: fanya jaribio kabla na baada ya kugusa kitu. Mtu mmoja Kamango asome orodha ya maneno 20 yaliyochanganywa, sita, tisa, siyo, ndiyo, six, dix, soixante, asubuhi, usiku, na yule wa Beni aandike anachosikia bila kuuliza. Hesabuni makosa. Mufanye mara moja asubuhi kukiwa kimya, mara moja saa ambayo wote wako kwenye intaneti, na mara moja groupe ikiwa inanguruma. Badilisha regle moja tu kila mara, uandike kwenye daftari ilikuwa nini na sasa ni nini, na daftari libaki ndani ya kabati pamoja na ruta, lisiende nyumbani kwako.